Nani alimuua Aditya Karikala? Jiwe la Udaiyarkudi na urithi wa kiti cha Wachola

Msomaji anauliza: "Mwalimu, nilitazama filamu ya Kitamil kuhusu wafalme wa Chola wa kusini mwa India, ikanitia hamu ya kusoma. Lakini kila ninaposoma, yule mwana wa mfalme aliyeuawa, Aditya Karikala, ana muuaji mwingine: mara ni watu wa Pandya, ufalme hasimu wa Madurai, mara ni baba yake mdogo aliyekuja kukalia kiti. Miaka nayo haipatani. Rajendra alianza kutawala 1012 au 1014? Watu hawa walichonga habari zao kwenye mawe, tena maelfu kwa maelfu. Sasa ugumu uko wapi?"

Ndugu yangu, nikupe kwanza jibu lenyewe. Majina ya watu waliomuua Aditya tunayo. Yamechongwa kwenye ukuta wa hekalu la Shiva huko Udaiyarkudi, katika mji unaoitwa leo Kattumannarkoil, wilaya ya Cuddalore, jimbo la Tamil Nadu. Kama kulikuwa na mtu aliyewatuma, yeye hakuchongwa popote. Tuhuma dhidi ya Uttama Chola, huyo baba mdogo, imetokana na jinsi tarehe ya jiwe hilo ilivyosomwa, na mimi naamini jiwe limebebeshwa mzigo usio wake.

Ugumu unaanzia kwenye neno "habari zao". Sehemu kubwa ya maandishi ya enzi ya Chola, tangu Vijayalaya alipotwaa Thanjavur karibu mwaka 850, ni hati za mali. Mtu ametoa kondoo 96 ili samli yao iwashe taa moja mbele ya mungu daima dumu. Baraza la kijiji limeuza shamba na kupokea dhahabu. Mjane ameweka wakfu wa chakula. Hao kondoo wenyewe hati inawaita "wasiokufa wala kuzeeka", kwa maana kwamba mchungaji anawajibika kuziba pengo la kila anayekufa, hesabu isipungue hata baada ya miaka mia. Ukisoma kwa mara ya kwanza unadhani ni ushairi, kumbe ni sharti la mkataba. Katika hati ya namna hiyo mfalme anatajwa kwa kazi moja tu: kuwa kalenda. "Mwaka wa 12 wa mfalme fulani", basi. Aliyelipa mchongaji alitaka ushahidi wa kondoo wake, hakuwa na haja ya kutueleza nani kamrithi nani.

Na hata huko kuwa kalenda kuna mtego wake. Wachola walikuwa na majina mawili ya kiti, Rajakesari na Parakesari, wakiyapokezana: baba akiwa Rajakesari, anayemfuata ni Parakesari, anayefuata tena Rajakesari. Mawe mengi ya mwanzo yanasema tu "mwaka wa 8 wa Rajakesari" bila jina la mtu. Ni yupi? Hapo mtaalamu hutazama umbo la herufi, jina la malkia au jemadari aliyetajwa, na akibahatika, siku ya juma pamoja na manzili ya mwezi. Kwa hesabu za falaki za namna hiyo Mjerumani Franz Kielhorn aliweza kuonyesha kwamba Rajaraja wa Kwanza alianza kuhesabu miaka yake kati ya tarehe 25 Juni na 25 Julai mwaka 985. Kazi ya kuyakusanya mawe yenyewe ilishika kasi tangu 1886, Eugen Hultzsch alipoajiriwa kuwa mtaalamu wa maandishi wa serikali huko Madras. Unaosha ukuta, unabandika karatasi iliyoloweshwa maji, unaipiga kwa brashi mpaka izame ndani ya kila herufi, kisha unaipaka wino juu. Ukiibandua unaondoka na sura ya ukuta mzima mkononi. Nakala za namna hiyo ndizo msingi wa karibu kila kitu nitakachokueleza hapa.

Sasa twende kwenye ukoo, kwa sababu bila ukoo kesi haieleweki. Parantaka wa Kwanza, aliyetawala 907 hadi 955, alikuwa na mwana mkubwa, Rajaditya. Huyu aliuawa mwaka 949 kwenye vita vya Takkolam dhidi ya Krishna wa Tatu wa Rashtrakuta, akiwa juu ya ndovu wake. Kiti kikaenda kwa ndugu yake Gandaraditya. Gandaraditya alipofariki, mtoto wake wa kiume alikuwa bado mdogo mno, hivyo utawala ukashikwa na ndugu mwingine, Arinjaya, na baada ya muda mfupi ukapita kwa mwana wa Arinjaya, Sundara Chola. Yule mtoto mdogo wa Gandaraditya ndiye Uttama, aliyeitwa pia Madhurantaka, yaani "kifo cha Madurai".

Tazama hapo vizuri. Uttama ni mtoto wa baba mkubwa wa Sundara. Kwetu sisi hili halihitaji maelezo: binamu wa baba kwa upande wa kiumeni ni baba, na kwa watoto wa Sundara, yaani Aditya, Kundavai na Arulmozhi, Uttama alikuwa baba mdogo hasa. Tena alitoka tawi la kaka. Kama ungekusanya wazee wa ukoo uwaulize kiti ni cha nani, wengi wangesema ni cha mtoto wa Gandaraditya, kilichoshikwa na wengine mpaka akue. Hoja hii huachwa nyuma kila Uttama anapotajwa kama mnyang'anyi. Mnyang'anyi mwenye haki nzito kuliko ya anayemnyang'anya ni jambo la kujiuliza mara mbili.

Sundara, pamoja na kuwepo kwa Uttama, alimpandisha mwanawe Aditya kuwa mrithi. Aditya alikuwa kijana wa vita. Mawe yake yanamwita "aliyetwaa kichwa cha Vira Pandya", mfalme wa Madurai. Karibu mwaka 970 akauawa. Uttama akatawala mpaka 985. Baada yake akaja mdogo wake Aditya, Arulmozhi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Rajaraja.

Sasa jiwe la Udaiyarkudi. Tarehe yake ni mwaka wa 2 wa Rajakesari. Linaeleza amri ya mfalme kwa baraza la Wabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, la kijiji cha Viranarayana Chaturvedimangalam kuhusu mali ya watu "waliomuua Karikala Chola aliyetwaa kichwa cha Pandya, wakawa wasaliti". Wanatajwa Soman, Ravidasan mwenye cheo cha Panchavan Brahmadhirajan, na Parameswaran mwenye cheo cha Irumudichola Brahmadhirajan. Mali yao na ya jamaa zao, wa damu na wa ndoa, inachukuliwa. Ardhi hiyo ikauzwa, na mnunuzi akaiweka wakfu kwa ajili ya kuwalisha Wabrahmani. Unaona? Hata jiwe hili, la pekee kabisa katika historia ya Wachola, ni hati ya shamba. Mauaji ya mrithi wa ufalme yameingia humo kwa sababu mnunuzi alitaka ijulikane ardhi yake ilitoka wapi, asije mtu baadaye kudai.

Rajakesari huyu ni nani? Hawezi kuwa Sundara, ingawa naye alikuwa Rajakesari, kwa sababu katika mwaka wa 2 wa Sundara mwanawe alikuwa hajauawa. Rajakesari wa kwanza baada ya kifo cha Aditya ni Rajaraja. Basi mwaka wa 2 ni karibu 986 au 987, miaka kama 16 baada ya mauaji.

Ni hiyo miaka 16 iliyomtia Uttama hatiani. K. A. Nilakanta Sastri, mwanahistoria mkubwa wa Wachola ambaye sote tumesimama mabegani mwake, alihoji: kwa nini wauaji wasubiri mpaka Uttama aondoke ndipo waguswe? Akaona Uttama hawezi kuepuka kuhusishwa na njama hiyo. Ni hoja yenye nguvu ukiisikia mara ya kwanza. Lakini ukirudi kwenye jiwe, halisemi kwamba wauaji walikuwa hai na huru mpaka mwaka huo. Linazungumzia mali, na linazungumzia jamaa. Kufuatilia ardhi ya ukoo mzima, vijiji mbalimbali, wakwe na mashemeji, ni kazi inayoweza kuchukua miaka mingi baada ya wenyewe kuadhibiwa. Hati moja ya mauzo inatuonyesha hatua moja ya kesi. Haituambii ilianza lini.

Kuhusu watu wa Pandya, wengine hushika lile neno Panchavan katika cheo cha Ravidasan, maana ni jina la kumwita mfalme wa Pandya. Wanasema: huyu alikuwa mtu wa Madurai, akalipiza kichwa cha bwana wake. Inavutia. Tatizo ni kwamba Wachola wenyewe walilipenda jina hilo kwa sababu walijiona wameitwaa Pandya, hata malkia mmoja wa Rajaraja aliitwa Panchavan Mahadevi. Cheo chenye Panchavan kinaweza kuwa cha mtumishi wa Chola tangu ujana wake. Kinachobaki ni kwamba wauaji walikuwa Wabrahmani wenye vyeo vikubwa vya serikali, na kwamba jiwe, linapomtaja marehemu, linamtaja kwa kile kichwa alichokitwaa. Mimi kisasi cha Pandya nakiona kuwa sababu iliyo karibu zaidi na ukweli, lakini sikiapii.

Upande wa pili kuna mabamba ya shaba, na hapa ndipo lugha inabadilika kabisa. Zawadi kubwa ya mfalme, kijiji kizima kwa mfano, iliandikwa kwenye mabamba yaliyofungwa kwa pete yenye mhuri. Yanaanza kwa Kisanskriti, na mshairi wa ikulu anataja ukoo kuanzia Jua, kupitia mababu wa hadithi, mpaka mfalme aliyepo. Kisha yanaingia Kitamil, na hapo ndipo mipaka ya shamba inapoanza. Mabamba ya Tiruvalangadu, 31 kwa jumla, ni ya mwaka wa 6 wa Rajendra, mwana wa Rajaraja. Yanaeleza kwamba Aditya alitoweka kwa hamu ya kuiona mbingu. Watu wakamsihi Arulmozhi akalie kiti aondoe giza la zama mbovu, lakini hakukitaka, hata moyoni, maadamu baba yake mdogo anakitamani. Uttama akatawala, akaziona alama mwilini mwa Arulmozhi kwamba huyu ni mungu Vishnu mwenyewe, akamfanya mrithi wake.

Mauaji yako wapi? Hayamo. Mabamba yanayoitwa ya Leiden, kwa jina la mji wa Uholanzi yalikopata kuhifadhiwa, yanayohusu kijiji cha Anaimangalam kilichopewa monasteri ya Kibudha ya Nagapattinam, nayo yanamsifu Aditya kwamba akiwa bado mtoto alicheza vitani na Vira Pandya kama mwanasimba na ndovu, kisha yanapita. Kwa mshairi wa ikulu, mwana wa mfalme kuchinjwa na watumishi wa serikali ni fedheha ya nyumba, na fedheha haipandi kwenye shaba. Kwa karani wa shamba huko Udaiyarkudi ni maelezo tu ya asili ya kiwanja. Ndiyo maana katika mambo ya urithi mimi humwamini karani kabla ya mshairi.

Hata hivyo yule mshairi naye ametuachia kitu bila kukusudia. Kama nyumba ya Rajaraja ilimhesabu Uttama kuwa muuaji, kwa nini mabamba ya mwanawe yampe Uttama heshima ya kumtambua Vishnu ndani ya Rajaraja? Na kuna mambo mengine yanayoelekea huko huko. Rajaraja alimpa mwanawe, Rajendra wa baadaye, jina la Madhurantaka, jina lile lile la Uttama. Mama yake Uttama, Sembiyan Mahadevi, mjane aliyejenga upya kwa mawe mahekalu mengi ya Shiva yaliyokuwa ya matofali, aliendelea na kazi yake chini ya Rajaraja kwa heshima zote. Mtoto wa Uttama alipewa kazi katika shughuli za mahekalu. Mtu anayeamini kwamba fulani alimuua kaka yake hampi mwanawe jina la fulani.

Kuna hoja moja zaidi, ya majina ya kiti, ambayo sioni ikipewa uzito wake. Sundara ni Rajakesari, Aditya ni Parakesari, na Uttama, badala ya kuwa Rajakesari, ni Parakesari tena. Mpokezano umevunjika? Ruka miaka 90 mbele. Rajendra wa Pili ni Parakesari. Mwanawe Rajamahendra anafanywa mrithi kwa jina la Rajakesari, anafariki kabla ya baba yake, na anayeshika kiti, Virarajendra, ndugu wa Rajendra wa Pili, naye ni Rajakesari. Mambo ni yale yale. Mrithi akifa kabla ya kutawala peke yake, anayechukua nafasi yake anachukua na jina lake la kiti. Kwa hiyo Uttama aliingia kwa utaratibu unaojulikana ikulu, akiziba nafasi ya mrithi aliyekufa. Hilo halithibitishi kwamba mikono yake ni safi. Linathibitisha kwamba aliingia kwa mlango wa mbele.

Hapa sasa swali lako la miaka linajijibu. Wachola, labda kwa kuumwa na yaliyotokea, walizoea kumwapisha mrithi wakati baba yu hai, na mrithi huanza kuhesabu miaka yake siku hiyo hiyo. Rajendra aliapishwa mwaka 1012, Rajaraja akafariki 1014. Miaka yote miwili ni sahihi. Mwana wa Rajendra, Rajadhiraja, aliapishwa 1018 ilhali baba yake alitawala mpaka 1044, kwa hiyo kuna miaka 26 ambayo jiwe la kijiji kimoja linaweza kumtaja baba na la kijiji cha jirani likamtaja mwana. Ukijumlisha enzi zao kama mtu anayepanga matofali utapata ufalme mrefu kuliko kalenda. Rajadhiraja alikufa kwenye vita vya Koppam mwaka 1054, juu ya ndovu, na mdogo wake Rajendra wa Pili akavaa taji pale pale uwanjani. Mawe yanamwita "aliyelala juu ya ndovu". Lakini Rajaditya wa Takkolam naye aliitwa hivyo hivyo karne moja kabla, na wasomaji wapya huwachanganya wawili hawa kila siku. Neno lao kwa kifo cha mfalme ni kulala: Sundara ni "aliyelala kwenye jumba la dhahabu", Arinjaya "aliyelala Arrur".

Rajaraja ndiye aliyeanzisha pia ule utangulizi wa sifa unaoitwa meykirtti, wa Kitamil, uliotungwa ikulu na kurudiwa mbele ya hati za kawaida kote nchini. Kwa mara ya kwanza kalenda ikapata kifua. Unaanza kwa kusema kwamba bibi wa dunia kubwa, sawa na Lakshmi, mungu wa kike wa bahati, amekuwa mke wake kwa haki, kisha unataja ushindi mmoja mmoja: Ganga, Kollam, Kalinga, Lanka, na mwishoni visiwa 12,000 vya bahari, ambavyo kwa kawaida huchukuliwa kuwa Maldivi. Ushindi ukiongezeka, mstari unaongezwa, hivyo urefu wa utangulizi wenyewe unasaidia kukadiria tarehe. Kila Mchola mkubwa baada yake ana wake, na maneno ya kwanza yanatosha kumtambua.

Ukitaka kuona jinsi sifa hizo zinavyofunika urithi wenye utata, mtazame Kulottunga wa Kwanza. Virarajendra alifariki mwaka 1070, mwanawe Adhirajendra akakaa muda mfupi tu, naye akauawa. Kiti kikachukuliwa na mtu wa nje, mfalme wa Vengi, Mchalukya kwa baba, lakini mama yake Ammangadevi alikuwa binti wa Rajendra wa Kwanza. Mawe yake ya miaka ya mwanzo yanamwita Rajendra, jina la babu yake mzaa mama. Jina la Kulottunga linashika tangu mwaka wa 5. Na sifa zake zinasemaje kuhusu kuingia kwake? Kwamba bibi wa bahati wa kusini asiwe wa kila mtu, na bibi wa nchi inayovikwa mto Kaveri asikae mpweke, yeye aliwaoa. Hakuna neno kuhusu Adhirajendra. Picha ni ya mjane anayesitiriwa, na msomaji asiyejua hatajua kwamba palikuwa na maiti.

Tunajua kwa sababu ya adui. Bilhana, mshairi wa Vikramaditya wa Sita wa Chalukya ya Magharibi, aliandika kwamba bwana wake, aliyemwoa binti wa Virarajendra, alikwenda kusini kumsimika shemeji yake kwenye kiti, akarudi kwake, na kabla siku hazijapita nyingi akasikia shemeji ameuawa katika maasi na Rajiga wa Vengi, yaani huyo Kulottunga, amekikalia kiti. Bilhana alikuwa na sababu zote za kumchafua Kulottunga, na hasemi ni mkono wa nani uliomuua Adhirajendra. Upande wa Chola hakuna bamba wala ukuta unaotaja majina ya wauaji hao. Ya Soman, Ravidasan na Parameswaran tunayasoma mpaka leo kwa sababu mashamba ya jamaa zao yalipata mnunuzi.